Karani wa Matundu

Kabla hamjacheka, nianze na hili: bunduki zenyewe zilikuwa za upepo. Haziui mtu. Kuku labda, na kuku mwenyewe awe amesimama akakubali.

Nalisema mapema kwa sababu nawajua. Mnanipita barazani nimejitanda ushungi, tasbihi mkononi, halafu mtu anawanong'oneza kwamba huyu mama alikuwa mfanyakazi wa uwanja wa shabaha, mnageuka kuniangalia kama mmeambiwa paka wa msikitini zamani alikuwa chui. Ndiyo, nilikuwa. Miaka kumi na minne. Wala sikustaafu kwa uzee, hamsini bado sijaigusa. Kazi ndiyo iliyostaafu, mimi nikaifuata nyumbani. Vile virisasi vilikuwa vinatoka ng'ambo, na ilipofika wakati hata sabuni ya kufulia tunaipangia foleni alfajiri, nani angekumbuka kuagiza virisasi vya kuchezea watalii?

Uwanja ulikuwa bondeni, upande wa Msimbazi. Ukitoka Kariakoo unateremka kwa miguu, unaacha mikokoteni na makelele yake nyuma, unakuta uzio wa makuti, banda la chai, meza ndefu ya kuwekea bunduki, na mbele yake hatua kumi na tano, tuta kubwa la mchanga. Basi. Watalii walikuwa wanaletwa na basi dogo. Asubuhi wanapitishwa sokoni kushangaa papa mkavu, mchana wanaletwa kwetu kupiga shabaha, jioni wanapelekwa Kivukoni kushangaa papa mbichi. Katikati ya papa na papa ndiyo palikuwa pangu.

Niliajiriwa kuchemsha chai na kufagia. Siku moja bwana aliyekuwa anabandika karatasi akahamia kijijini kwao, na Mzee Kibwana akaja bandani akaniambia, "Mama Mwajuma, wewe unaona uzi unavyopita kwenye tundu la sindano. Njoo huku uone matundu makubwa."

Mzee Kibwana ndiye aliyekuwa na bunduki. Alikuwa askari wakati wa wakoloni, akarudi na mguu mmoja mzito na kikohozi, na hakuna kitu alichokuwa anakipenda kama kumfundisha mtu huku akimtukana taratibu. Somo la kwanza alilonipa ni hili: "Bunduki usimwelekezee mtu hata ikiwa tupu. Kama huo mdomo wako."

Somo la pili lilikuwa khanga. Tulikuwa na khanga nyekundu juu ya mti. Khanga ikipanda, bunduki zote mezani, hakuna wa kugusa, kwa sababu mimi niko huko mbele kwenye karatasi. Khanga ikishuka, nimeshatoka. Hiyo khanga nilitoa mwenyewe nyumbani. Maandishi yake siwaambii, niliinunua kumsema jirani. Wageni walikuwa wanapenda kuuliza imeandikwa nini, na meneja anawaambia, "Karibuni sana."

Sasa mjue kazi yenyewe. Karatasi tulikuwa hatuna, kwa hiyo tunafungua mifuko ya saruji, tunaipangusa, tunakata. Duara tunachora kwa mkaa: unafunika chombo, unazungusha. Karatasi inabanwa kwenye gogo la mgomba. Migomba ilikuwa imejaa bondeni, mtu akishakata mkungu, gogo ananiachia mimi. Gogo la mgomba ni laini, kirisasi kikiingia hakirudi kumpiga mtu usoni, kinalala humo humo. Ila utomvu wake, wanangu, msivae nguo ya maana. Nina gauni la Idi lililoharibika mwaka wa kwanza, mpaka leo lina ramani.

Kila mgeni ana risasi tano. Akimaliza, khanga inapanda, mimi naenda, nahesabu matundu, napiga kelele idadi. Kisha mgeni akitaka anaondoka na karatasi yake, chini nimeandika namba na kutia sahihi. Asipotaka, naziba matundu kwa viraka vya karatasi na gundi, anapiga mwingine. Ndiyo maana wakaniita Karani wa Matundu. Mtaani walinicheka. Mimi nilijiona nina cheo.

Gundi ilinifunza adabu. Ni unga wa muhogo, maji ya moto, unakoroga mpaka iwe kama uji wa mgonjwa. Mwezi wangu wa kwanza nilipika nzuri sana, ina harufu kabisa. Nikabandika karatasi tano, nikashusha khanga, nikarudi zangu bandani. Wageni wakashika bunduki. Mbuzi watatu wa bondeni wakapita chini ya uzio, wakaenda moja kwa moja kwenye karatasi, wakaanza kula. Mgeni mmoja akainua bunduki, akamuuliza meneja kitu. Meneja akaruka mbele yake amenyoosha mikono. Kumbe yule bwana alikuwa anauliza kama mbuzi ana pointi zaidi ya karatasi.

Mzee Kibwana alicheka mpaka kikohozi kikamkalisha. "Nilisubiri nione utagundua lini," akaniambia. "Tia pilipili kichaa kwenye gundi."

"Shikamoo mzee, si ungeniambia mapema?"

"Marahaba. Ningekuambia ungesahau. Mbuzi hutawasahau."

Sijawasahau. Mpaka leo nikibandika kitu, hata kama ni picha ya mjukuu, nakohoa.

Viraka navyo nilipata pa kuvitoa. Wakati huo nilikuwa nasoma elimu ya watu wazima, jioni, tukibanana na kina mama wenzangu kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Daftari likijaa silitupi, nakata viraka. Kwa hiyo wageni waliondoka na karatasi zangu zimezibwa kwa herufi zangu mwenyewe: hapa "mama anapika", pale "chemsha maji". Mwalimu akasema siku moja leteni madaftari yote tangu mwanzo wa mwaka, anakuja mkaguzi. Nikasimama.

"Langu mwalimu limeshasafiri."

"Limesafiri kwenda wapi?"

"Ulaya. Kwa vipande."

Darasa zima likalala juu ya meza kwa kucheka. Mwalimu akaniandikia kwamba nimehudhuria, maana alishindwa kuandika kingine.

Haya, sasa msumari.

Ndugu Shirima, meneja wetu, alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mkewe ana duka Kariakoo, yeye ni mzee wa kanisa, na suti yake ya Kaunda imepigwa pasi kiasi kwamba ukiigusa inakukata. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa anaogopa mgeni kununa kuliko alivyokuwa anaogopa radi. Mgeni akipiga tano zote mchangani, Ndugu Shirima anamkonyeza Mzee Kibwana, na Mzee Kibwana anakwenda kwenye karatasi na msumari wa inchi tatu. Anakohoa, anainama, anasimama, matundu matatu mapya. Mgeni anapiga picha. Nilipoanza kazi nilikuta ndivyo ilivyo, kama vile ni sehemu ya huduma, pamoja na chai.

Mimi nikasema sifanyi. Sikusema kwa kelele. Nilisema tu kwamba mkono huu ndio navutia tasbihi, na sahihi ile chini ya karatasi nimeisomea kwa jasho, siitii chini ya uongo. Nikisimama mimi kwenye karatasi, msumari haupiti. Ndugu Shirima akaniita ofisini mara mbili, mara tatu. Mwisho akachoka.

Lakini na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa na ujanja wangu. Hakuna mahali palipoandikwa duara liwe na ukubwa gani. Mgeni akija kijana, kifua mbele, anawacheka wenzake, namchorea kwa kikombe cha kahawa. Akija mtu wa kawaida, sahani. Akija babu wa watu, mikono inatetemeka, amesafiri mbali kote huko, namchorea kwa bakuli. Anapiga mwenyewe, anaingia mwenyewe, nahesabu kwa haki, wote tunafurahi. Nilishawahi kumuuliza shehe wetu wa mtaani, bila kutaja bunduki, kama duara likiwa kubwa ni uongo. Akaniuliza duara la nini. Nikasema la karatasi. Akaniambia niende nikapike.

Siku ninayotaka kuwasimulia, Ndugu Shirima alikuja asubuhi mapema kuliko mimi. Hiyo peke yake ilinitisha.

"Mama Mwajuma, kaa chini. Leo linakuja kundi. Kiongozi wao ni mama mmoja mtu mzima. Akiridhika, kila mwezi wanatuletea watu. Akinuna, uwanja huu unageuzwa pa kulazia malori. Wakubwa wameshaniambia, wanasubiri jibu la leo tu."

"Ukigeuzwa, sisi?"

"Mzee Kibwana atalinda malori. Mimi nitapelekwa ofisi nyingine." Akanyoosha pindo la koti lake. "Malori hayabandikwi karatasi, mama."

Nikamwelewa. Mwajuma alikuwa darasa la tano, mdogo wake ndiyo kwanza anaanza, na baba yao alishatangulia mbele ya haki. Kazi nyingine ya kuandika namba na kutia sahihi, mwanamke wa madarasa ya jioni kama mimi, nani angenipa? Ningerudi kwenye ufagio, kama ningeupata.

"Kwa hiyo leo," akasema, "msumari."

"Ndugu Meneja, msumari sishiki."

"Hushiki wewe. Mzee atashika. Wewe utahesabu tu."

"Nitahesabu ya risasi."

"Mama Mwajuma."

"Abee."

"Dini iache getini. Leo tu."

"Na wewe Jumapili ukisimama mbele ya watu kusoma zile amri kumi, msumari unauacha getini?"

Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa, alikuwa na haki ya kuviangalia.

"Niachie karatasi," nikamwambia. "Huyo mama nitamsaidia kwa njia yangu."

Wakaja saa tano. Watu kumi na moja, na mbele yao bibi mdogo, mwembamba, miwani mizito kama vitako vya chupa, mkoba wa kufumia sweta begani. Nikampa chai. Alipokipokea kikombe kikagonga kisosi, ti-ti-ti-ti, mpaka anakiweka chini. Moyo wangu ukaniuma. Nikasema huyu bakuli halimtoshi. Nikaenda bandani nikachukua sinia, lile la pilau la siku za wageni wakubwa, nikachora. Duara likakaribia kula karatasi yote. Hata aliyefumba macho angepiga. Nikaweka gogo jipya la mgomba, nimelikata asubuhi ile ile, halijaguswa na mtu.

Yule bibi akaliangalia lile duara muda mrefu. Akamwambia Ndugu Shirima kitu kwa Kiingereza. Ndugu Shirima akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa.

Mzee Kibwana akaenda kumwonyesha pa kushika. Bibi akamwondoa mkono polepole, kama unavyomwondoa paka kwenye kiti. Mzee akarudi kwangu.

"Huyu bibi mikono yake imetulia."

"Mzee, hukusikia kikombe?"

"Kwenye kikombe ilikuwa inaongea. Kwenye bunduki imenyamaza."

Nikampuuza. Hapo mjifunze: mtu aliyeshika kazi moja miaka thelathini akikwambia kitu kwa sauti ndogo, acha unachofanya.

Bibi akapiga tano. Hakuharakisha. Khanga ikapanda, nikaenda.

Tundu moja. Katikati kabisa ya sinia, tundu moja. Nikaangalia juu, chini, pembeni, nyuma ya karatasi. Karatasi nzima safi.

"Moja," nikapiga kelele.

Bibi akainua mkono, vidole vitano vimenyooka. Wenzake wakaanza kuangaliana. Ndugu Shirima akaja mbio za mtu anayejifanya anatembea.

"Sema tano," akaninong'oneza, huku amewatabasamia wageni.

"Naona moja."

"Kundi zima linatuangalia."

"Nalo lina macho."

"Mama Mwajuma, malori. Nakukumbusha malori."

Mzee Kibwana naye akafika, anaburuta mguu, msumari ameubana kati ya vidole. "Sogea kidogo mwanangu, umenizibia mwanga."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sogea."

"Sisogei."

Nikaegemeza mgongo kwenye karatasi. Mbele yangu meneja jasho linamtoka, kushoto mzee na msumari, na mbali kule yule bibi bado ameinua vidole vyake vitano. Na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Maana hakuwa amekasirika. Mtu anayedanganya anakasirika, anapaza sauti, anatafuta mashahidi. Huyu alikuwa amesimama tu ananisubiri, kama mwalimu anayejua kwamba jibu unalo. Nikajiuliza, kama mimi nimekataa kumwongezea mtu haki isiyo yake, je nikiwa nimemnyang'anya iliyo yake? Hiyo siyo dhambi ile ile, imegeuzwa upande wa pili?

Kwenye pindo la khanga niliyojifunga nilikuwa natembea na kipimo changu. Kirisasi kimoja nimekigandisha kwa nta kwenye ncha ya kijiti cha kibiriti. Tundu la risasi moja, kinaingia kimebana, huwezi kukizungusha. Nikageuka, nikakiingiza. Kikacheza. Kulia, kushoto, kikacheza kama mtoto ndani ya kanzu ya babake. Nikainama niangalie ukingo. Hili nalo mlijue: tundu la risasi lina wanja. Risasi ikipita inaacha duara jembamba la weusi kwenye ukingo, kama jicho la bibi harusi. Msumari hauna wanja. Sasa hili tundu wanja wake ulikuwa mnene, umepakwa juu ya mwingine, juu ya mwingine.

"Ndugu Meneja," nikasema, "naomba kisu cha limau."

"Kisu cha nini tena?"

"Mzee, niletee kisu, na msumari uuweke mfukoni. Leo hauna kazi."

Nikabandua karatasi, nikalipasua lile gogo la mgomba kuanzia juu. Utomvu ukanichuruzikia mpaka kwenye viwiko. Nikafuata njia ya tundu, kidogo kidogo, kama natoa mwiba. Kwa ndani, urefu wa kidole, nikakuta kirisasi. Nyuma yake kingine kimekibana. Nyuma yake kingine. Vilikuwa vimelaliana kama dada watano kwenye kitanda kimoja. Watano, nimewatoa mmoja mmoja mbele ya meneja.

Mzee Kibwana akavua kofia. Sijawahi kumwona akivua kofia, hata wimbo wa taifa alikuwa anauimba nayo akisema kichwa kina baridi.

Nikatembea zile hatua kumi na tano, kiganja wazi, nikavimwaga mezani mbele ya yule bibi. "Nilisema moja," nikasema. "Nimekosea. Ni tano."

Ndugu Shirima akatafsiri. Bibi akavigusa kimoja kimoja kwa kidole, kikombe cha chai kando yake kimetulia tu. Kisha akaongea maneno mengi.

"Anasema amepiga bunduki tangu akiwa msichana," Ndugu Shirima akaniambia. "Ana medali ukuta mzima. Anasema kila nchi anayopita, wenye viwanja wanamwambia tano hata kabla hawajafika kwenye karatasi. Anauliza wewe kwa nini ulisema moja."

"Mwambie niliona moja."

Akamwambia. Bibi akatikisa kichwa, akauliza tena.

"Na anauliza..." Ndugu Shirima akajifuta jasho. "Lile duara. Kwa nini kubwa vile. Nimwambie nini?"

"Mwambie nilimwonea huruma."

"Siwezi kumwambia hivyo mgeni wa heshima."

"Basi mwambie ni sinia la pilau."

Sijui alimwambia lipi kati ya hayo mawili. Ninachojua, yule bibi alicheka mpaka akavua miwani, akaifuta kwa ile sweta anayoifuma, akaivaa, akaniangalia, akaanza kucheka upya. Halafu akachukua bunduki, akaniwekea mbele yangu. Akainua vidole vitano.

Wafanyakazi tulikuwa haturuhusiwi kupiga mbele ya wageni. Lakini siku zisizo na basi, baada ya Alasiri, Mzee Kibwana alikuwa ananifundisha, risasi mbili tatu zilizopinda. Na mgambo nimepita, ingawa bunduki tuliyokuwa tunabeba kule ilichongwa kwa mbao. Nikamwangalia meneja.

"Piga mama, piga," akasema. "Mgeni ameshasema."

Nikaenda mwenyewe nikachora karatasi yangu. Nikaweka gogo jipya, nikashusha khanga. Nikarudi mezani, nikasema Bismillahi, nikapiga tano. Ya pili nilijua imeenda mchangani, mchanga ulinionyesha.

Khanga ikapanda. Safari hii nikabaki mezani, kwa sababu mpigaji hajihesabii, hiyo ndiyo sheria. Wakaenda Ndugu Shirima na Mzee Kibwana. Wakakaa. Migongo yao miwili imeziba karatasi. Nikamsikia mzee anakohoa, nikamwona anainama, anasimama, anainama.

"Saba!" Ndugu Shirima akatangaza, mikono juu.

Bibi akaniangalia. Mimi nikamwangalia bibi. Akaangalia vidole vyake vitano.

Nikaenda na kipimo. Matundu matatu yana wanja. Manne hayana, yametanuka midomo kama yamepigwa na njaa. Mzee Kibwana anaangalia mawingu.

"Mzee," nikamwambia, "nimepewa risasi tano."

"Nilikuwa na furaha, mwanangu," akasema. "Mkono ulisahau kuhesabu."

"Tatu," nikapiga kelele mpaka mezani. Nikatoa gundi yangu ya pilipili, nikatoa kipande cha daftari, nikaziba yale manne ya msumari pale pale, mbele ya wageni wote. Nikaandika chini: tatu. Nikatia sahihi. Ndugu Shirima alikuwa amefumba macho, nadhani alikuwa anasali, na malori yake yote yanapita kichwani.

Bibi akaja kwenye karatasi, akasoma namba yangu, akapapasa vile viraka vinne, akanusa kidole chake, akapiga chafya. Akasema neno moja fupi kwa meneja, akaenda kukaa kwenye basi na sweta yake. Ndugu Shirima akafungua macho.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Kila mwezi," akasema. Akakaa juu ya mchanga na suti yake yote ile.

Walikuja kila mwezi kweli, tukawatolea karatasi zenye tundu moja, zenye sifuri, na wakaondoka nazo wanacheka. Msumari Ndugu Shirima alimwambia Mzee Kibwana autupe mtoni. Hakuutupa. Aliugongelea kwenye nguzo ya banda, akawa anatundikia khanga yangu nyekundu.

Yule bibi aliondoka na karatasi yake. Alitaka na ya kwangu pia, nikakataa, nikampa vile virisasi vitano akavitia kwenye mkoba. Ya kwangu ndiyo hiyo hapo ukutani, juu ya mtungi, mnayoiulizaga kila mkija kuomba maji. Matundu matatu ya kweli, manne yamezibwa, ukisogea unasoma "chemsha maji" kwa mwandiko wangu wa zamani. Mkitaka kuhakikisha, kipimo ninacho, njooni mpime.

Na wewe uliyeniuliza juzi mbona duara langu limekaribia kula karatasi yote: ni sinia. Kuhesabu, nilihesabu kwa haki mbele ya watu kumi na moja. Kuchora, nilichora mwenyewe.